Kaburi Mbele ya Baraza

Mwanamke mmoja wa Christchurch alitoka kuogelea, akakamua nguo yake ya kuogea, akaianika juu ya kaburi la Mama Ngapoko. Hakuwa na nia mbaya, masikini. Aliona kibati kimeezekwa juu ya nguzo nne fupi, jua linawaka hapo vizuri, akadhani ni mahali pa kuanikia. Chini ya kibati kulikuwa na saruji nyeupe na maua ya plastiki, lakini watu wakiwa likizo hawatazami chini.

Tepaeru aliiona kupitia dirisha la jikoni, na kwanza akacheka. Mama yake mwenyewe angecheka. Lakini mdogo wake Akaiti, aliyekuwa amekumbatia rundo la mashuka safi, aliyabwaga yote kwenye nyasi, akakimbia, akaitoa ile nguo kwa ncha za vidole na kuanza kulia.

"Dada, wanamvisha mama chupi!"

"Si chupi, ni nguo ya kuogea."

"Na hilo ndilo linalokutuliza?"

Tepaeru alimwendea mgeni akamweleza kwa upole. Mgeni akawa mwekundu kama kamba aliyechemshwa, akaomba radhi mpaka radhi zenyewe zikachosha, na alipoondoka akawapa nyota zote tano mtandaoni. Jambo likaisha. Yaani, Tepaeru alidhani limeisha. Ndiyo shida ya watu wenye moyo mweupe: mtu akifuta machozi, wao wanadhani amemaliza kulia.

Nyumba zilikuwa mbili, pale Titikaveka, upande wa kusini mwa kisiwa cha Rarotonga, mchanga uko mlangoni. Ya mbele aliinunua kwa binamu aliyehamia Auckland moja kwa moja, kama wanavyohama wote. Ya nyuma aliijenga mwenyewe kwa mkopo wa benki, baada ya kuwapikia watu hotelini tangu usichana wake hadi mvi zikaanza kumchungulia. Nasema alinunua nyumba. Ardhi hakuinunua, maana kule ardhi hainunuliwi hata uje na gunia la dhahabu. Ardhi ni ya ukoo. Unawaita ukoo, unawalisha nguruwe, unasema shida yako, wakubwa wanashauriana, wanakupa haki ya kukaa. Ukoo wa Tepaeru ulimpa haki hiyo kwa sharti moja: apangishe atakavyo, ila siku ukoo wenyewe ukizihitaji nyumba, atazitoa.

Sharti hilo hakuna aliyelikumbuka. Nani angezihitaji? Nusu ya ukoo iko Auckland, nusu nyingine ina nyumba zake na inalalamika paa zinavuja.

Basi Tepaeru akajibakizia chumba kimoja kando ya jiko la nyumba ya mbele, kwingine kote akapangisha kwa watalii, wiki kwa wiki, na asikudanganye mtu kwamba ni kazi ya kukaa na kupokea. Mgeni mmoja anataka jogoo wanyamazishwe alfajiri, kana kwamba kuna mtu kisiwani mwenye mamlaka juu ya jogoo. Mwingine anapiga simu kwa sababu ya mjusi ukutani. Anayeondoka anaondoka asubuhi, anayekuja anakuja mchana, na katikati hapo vitanda vyote vivuliwe, sakafu ipigwe deki, mchanga utolewe bafuni, papai liwekwe mezani. Hapo ndipo Akaiti alipokuwa mkono wake wa kulia. Tepaeru alipokea wageni uwanja wa ndege na kujibu ujumbe wao; Akaiti alifua, alianika, alipiga pasi. Alilipwa, tena vizuri, wala hakuna siku alicheleweshewa. Ila wageni walipoandika maoni yao waliandika: "Asante Tepaeru, mashuka yananukia jua." Tepaeru alimsomea mdogo wake maneno hayo kwa furaha, akidhani ni sifa yao wawili.

Akaiti alikuwa anaitikia, "Wamesema vizuri," kisha anarudi kwenye kamba yake ya nguo.

Mama yao alifariki Jumamosi mchana, saa ile ile ndege ya Auckland ilipokuwa inatua. Alikuwa akiuguzwa nyumbani kwa Akaiti. Tepaeru alishinda naye asubuhi, akamlisha uji wa maniota, yaani muhogo, vijiko vichache, akambusu, akasema, "Nakwenda kupokea watu, narudi sasa hivi." Alipopigiwa simu alikuwa amesimama mbele ya mlango wa wanaowasili, mashada mawili ya maua mkononi, anatabasamu na watu asiowajua. Alifika mama keshafumbwa macho.

Akaiti alimshika mabega. "Amekuulizia, dada."

"Amesema nini?"

"Amesema azikwe kwako. Pale mbele ya baraza. Asikie bahari, akuone ukiingia na kutoka."

Hebu fikiria maneno hayo yanavyomwingia mtu aliyekosa kumwona mama yake akikata roho kwa ajili ya kuwavisha wageni maua. Tepaeru alikaa chini pale pale mlangoni, akalia mpaka sauti ikamkauka. Mama hakumkasirikia. Mama alitaka kuwa karibu naye. Aliyashika maneno hayo kama mtu anayezama anavyoshika ubao.

Kuzika nyumbani si ajabu Rarotonga. Nyumba nyingi zina wazee wao mbele ya mlango, wanafagiliwa na kuwekewa maua kila Jumapili. Mjomba wao Ngarima, mkubwa wa ukoo, alishangaa jambo moja tu.

"Si Marurai amemwachia nafasi ubavuni mwake, kule makaburi ya kanisa?" aliuliza. Marurai ni baba yao. "Miaka yote nafasi ile imekaa wazi."

"Ndivyo alivyosema mwisho, Mjomba," alijibu Akaiti, macho chini.

Neno la mwisho la mama halibishiwi. Tepaeru mwenyewe aliwaonyesha wachimbaji mahali, na akachagua mahali pazuri kuliko pote, pale wageni walipokuwa wanaweka viti jioni kutazama bahari. Mtu wa kwingine angeuliza: na biashara je? Yeye hakuuliza. Atakayechukizwa na mama wa mtu, aende hotelini. Na kweli, wageni walizoea. Wengine walichuma maua ya gardenia wakaweka juu ya saruji, wakasema, "Habari za asubuhi, Mama," na Tepaeru akawapenda kwa hilo. Yeye naye kila asubuhi alisimama pale kidogo akamwambia mama habari za siku. Hakuna aliyemwona akipata faraja nyingine mwaka ule.

Mwaka ulipotimia, jiwe la kaburi likawa tayari, na ukoo ukaja kutoka Auckland na kwingineko kulifunua Jumamosi ya mwisho wa wiki ile. Watu wakikusanyika hivyo, mambo ya ardhi hayakosi kuzungumzwa. Jumanne wakakaa kwenye mikeka nyumbani kwa Mjomba Ngarima. Magimbi yakaliwa, samaki wa tui akaliwa, vichekesho vikaisha, ndipo Akaiti akaomba kusema.

Akasimama. Yeye ambaye kanisani hata tangazo la kwaya humtetemesha, siku hiyo alisimama wima.

"Nimenyamaza mwaka mzima," alisema. "Dada yangu nampenda. Lakini nimeona nguo ya kuogea imeanikwa juu ya mama. Nimeona chupa ya bia imetegeshwa kwenye saruji. Nimeona mtoto wa kizungu anarukia pale kama kitanda cha kurukia. Mimi ndiye ninayefagia. Mimi ndiye ninayeona. Mama si pambo la kuwafurahisha watalii."

Watu wakaguna. Shangazi mmoja wa Auckland akatoa leso.

"Tepaeru, ni kweli haya?" aliuliza mjomba.

"Ni kweli, Mjomba, lakini..."

"Nguo ya kuogea?"

"Ilikuwa mara moja tu."

"Mara ngapi ingekutosha?"

Wengine walicheka, kicheko kile kisicho na furaha. Tepaeru alitaka kusema kwamba alizungumza na kila mgeni, kwamba ameweka kibao, kwamba anaweza kupanda ua wa miti. Kila alilotaka kulisema lilisikika kichwani mwake kama mtu anayetetea duka.

"Ukoo unazihitaji nyumba zile," Akaiti aliendelea. "Mama asikae peke yake na wapita njia. Mimi nitahamia ya mbele nimtunze. Binti yangu anataka kurudi na mumewe. Wao watakaa ya nyuma, jiko lake linawatosha. Ile friji ndogo tutaileta mbele, na kitanda kile kikubwa kitapita mlangoni kikifunguliwa miguu."

Hapo ndipo Tepaeru alipoinua macho. Friji? Mtu mwenye uchungu wa mama hapimi milango. Alimtazama mdogo wake, na mdogo wake akatazama kando.

Wakubwa hawakukawia. Sharti lilikuwepo, kila mtu sasa alilikumbuka ghafla kana kwamba lilisemwa jana. Ukoo ukazihitaji nyumba. Mkopo wa benki ulibaki kuwa wa Tepaeru, maana mkopo haukukaa kwenye mkeka. Usiku wake wote uliishia kwenye simu, akiwaandikia watu wa Wellington na Brisbane waliokwisha kulipia likizo zao kwamba asamehewe, nyumba hazipo tena.

Hata hivyo hakumlaumu Akaiti. Nakwambia ukweli, hakumlaumu. Aliumia, ndiyo, aliumia mpaka chakula kikamshinda, lakini alijisemea: pengine ana haki. Pengine mimi nimemweka mama mahali pa biashara. Mama alitaka kuniona nikiingia na kutoka, na mimi nikamwonyesha wageni.

Alhamisi akaenda uwanja wa ndege kumpokea Mchungaji Iotua, aliyekuja na ndege ndogo ya kutoka kisiwa cha Mauke kwa ajili ya ibada ya jiwe. Mchungaji huyu ndiye aliyekuwa kanisani kwao miaka yote, kabla ya kuhamishiwa Mauke, na mama alipofariki hakupata usafiri wa kuja. Tepaeru alimvisha shada, akampakia nyuma ya pikipiki yake ndogo, mzee wa watu na kofia yake mkononi, wakaenda moja kwa moja kaburini.

Mchungaji alitazama kaburi. Akatazama bahari. Akalitazama kaburi tena.

"Binti yangu, kwa nini yuko hapa?"

"Ndiyo haja yake, Mchungaji. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa amezikwa nyumbani. Nikadhani ni mambo ya ardhi ya ukoo, sikuuliza." Akakaa kwenye ngazi ya baraza, pole pole. "Wiki ile nahama, mama yako alinishika mkono akanipeleka makaburini mwenyewe, na fimbo yake. Akakanyaga majani ubavuni mwa Marurai. Akaniambia, 'Hapa, Mchungaji. Maisha yangu yote nimelala na huyu mtu anakoroma. Sasa nataka nilale naye akiwa kimya.' Tulicheka mpaka mlinzi akatoka kututazama. Akasema popote pengine akizikwa atakuwa mgeni."

"Labda alibadili mawazo mwishoni."

"Labda," alisema mchungaji. Lakini mzee yule hakuwa na uso wa kuficha.

Akaiti alikuwa nyuma ya nyumba, anaanua mashuka ya mwisho. Tepaeru alisimama upande wa pili wa kamba.

"Akaiti, mama alisema nini siku ile?"

"Si nilikwambia?"

"Niambie tena."

Akaiti alibana kibanio kwenye kamba, akakibandua, akakibana tena. "Mchungaji amekuja na maneno, sivyo?"

"Nakuuliza wewe."

"Hakusema kitu." Alilisema haraka, kama mtu anayetema mbegu. "Alilala, akapumua, akaacha kupumua. Hakusema azikwe wapi. Hakusema lolote."

"Aliniulizia?"

"Hapana, dada. Hakukuulizia."

Hilo, jamani, ndilo lililomchoma Tepaeru kuliko nyumba na mkopo na ukoo mzima. Mwaka mzima alikuwa akiishi kwa neno lile moja, kwamba mama alimuulizia. Alisimama nalo kila asubuhi mbele ya saruji ile. Kumbe lilipikwa, likatiwa chumvi, akalishwa.

"Kwa nini?" aliuliza. "Ungeniomba nyumba, Akaiti. Ungesema nataka ya nyuma, ningekupa."

"Ungenipa!" Akaiti alitupa shuka kapuni. "Ndiyo, ungenipa, nami ningesema asante. Maisha yangu yote ni asante kwako. Nani alimgeuza mama kitandani? Nani alimwosha? Wewe ulikuwa unawavisha maua watu usiowajua. Wewe mwenye nyumba, mimi wa mashuka. Nilijua ukoo hautaruhusu wageni juu ya kaburi. Nilijua tangu siku ile. Haya, umesikia."

"Na mama umemtupa mbali na baba."

Hapo Akaiti aliyumba kidogo, lakini akajishika. "Nenda kawaambie, basi. Wafukue. Unajua watakavyosema? Tepaeru anamtoa mama yake kaburini apate pa kuweka viti vya wageni. Uone kama kuna atakayekusalimia kanisani."

Mkono wa Tepaeru uliwasha. Alitaka kumzaba kofi moja la kukumbukwa. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, lakini hawakusema ufanye nini ukishakiona na ukakuta ni mtoto uliyembeba mgongoni. Akageuka akaondoka.

Ijumaa akaomba ukoo ukae tena. Alikuja na Mchungaji Iotua, na mchungaji akawaeleza yote ya makaburini, fimbo, majani, na kukoroma kwa Marurai. Wazee walicheka na kulia kwa pamoja, maana ilikuwa sauti ya Ngapoko kabisa.

Mjomba Ngarima alipiga goti lake. "Nilisema! Si nilisema Marurai ana nafasi? Haya, nani alileta yale maneno ya baraza?"

Vichwa vyote vikageuka kwa Akaiti. Akaiti alikuwa amekuwa mdogo kama aliyekalia shimo, midomo imemkauka, na Tepaeru akaona kwamba neno moja tu lingetosha. Neno moja, na huyo hatainua uso kisiwani tena. Alikuwa amekuja nalo mdomoni.

"Ilikuwa siku ya msiba, Mjomba," alisema. "Tulichanganyikiwa sote. Kosa ni letu wawili."

Mjomba alimtazama kwa muda mrefu. Hakuwa mjinga.

"Ninaloomba ni moja," Tepaeru aliendelea. "Mama apelekwe kwa baba. Na ili asitokee mtu wa kusema namfukua mama yangu kwa ajili ya biashara, nasema mbele yenu: nyumba sizidai. Zibaki kama mlivyoamua Jumanne. Mimi nataka mama tu alale alipotaka."

Shangazi wa Auckland akaanza kulia upya, safari hii kwa sauti. Mjomba Ngarima alijikuna kidevu.

"Sikilizeni," alisema. "Ukoo ulizitaka nyumba kwa sababu ya kaburi. Kaburi likienda kanisani, mimi sioni haja ya ukoo ni ipi. Nyumba hizi Tepaeru amezinunua na kuzijenga kwa jasho lake. Jumanne tuliamua ukamtunze mama, Akaiti, na sasa mama anaondoka. Kwa hiyo nakuuliza wewe, na ukoo utafuata jibu lako. Bado unazitaka?"

Nje jogoo aliwika, na hakuna aliyemcheka.

Tepaeru alimtazama mdogo wake. Ukweli ni kwamba alikuwa ameyafanya haya yote akiwa na tumaini ambalo hakumwambia mtu, hata mchungaji: kwamba akimsitiri, akimwachia na kila kitu, Akaiti atashikwa na aibu, atasimama na kusema, hapana, dada, ni zako. Hakutaka nyumba kama alivyotaka sentensi hiyo. Kama angeisikia, angesamehe yote, angesamehe hata ule uongo wa kuuliziwa. Alimtazama jinsi alivyokuwa akimtazama utotoni alipomfundisha kuogelea, akimwombea kimya kimya: njoo, njoo, hapo hapo, umefika.

Akaiti alinyoosha mkeka kwa kiganja.

"Binti yangu ameshakata tiketi," alisema.

Mjomba alifumba macho. Mtu mmoja nyuma alisema "Loo," kwa sauti ya chini, basi.

Kisha Akaiti akainua uso, akamtazama dada yake kwa mara ya kwanza siku hiyo, na kumwuliza kwa sauti ya kawaida kabisa, sauti ya siku zote za kazi: "Dada, funguo za ile ya nyuma bado ziko kwenye kile kisanduku cha namba pale mlangoni?"

Tepaeru alihisi kitu ndani yake kikikatika, na akajua hakitaungwa. Alifiwa na mama mara moja. Alifiwa na mdogo wake pale, huyo mdogo akiwa hai, akiwa amekaa hatua mbili kutoka kwake na nywele zimechanwa vizuri.

"Ziko," alisema. Akamtajia namba ya kisanduku, tarakimu moja moja, wazi, kila mtu akasikia. Halafu akamgeukia Mjomba Ngarima na kumwuliza kama kibali cha kumhamisha mama wataweza kukipata Jumatatu.